Dakika Thelathini Bila Kusimama

Jumanne, tarehe tisa mwezi huu, katika duka la intaneti hapa Mtoni, mama mmoja mnene aliyeonywa na daktari kuhusu moyo wake alimwelekeza binti wa kompyuta: “Waandikie hao wa mtandaoni walionipa mpango wa mazoezi. Kutembea dakika thelathini bila kusimama nimeshindwa.”

“Unachoka, mama?”

“Sichoki, mwanangu. Kila baraza lina watu. Nipite bila salamu, waseme naringa?”

Ijumaa, tarehe kumi na mbili, nilimkuta akisomewa jibu: atafute njia isiyo na watu. Alijifunga kanga upya, akafikiri.

“Kwa Mtoni hii, labda makaburini.”

Sasa huzunguka huko kila asubuhi kwa mwendo wa haraka. Ameniambia kwamba hata huko hutoa salamu, ila wenyeji hawamuulizi habari za watoto.