Mfuko wa Gobore la Baba

Harufu ya korosho zinazobanikwa bado inaninyanyua kwenye kiti. Wengine wakiisikia wanameza mate. Mimi nasimama, naangalia mlango. Nilikuwa darasa la nne, kijijini kwetu Nambilanje, masika ambayo mama yangu hakutulia hata kidogo. Baba alikuwa mlinzi wa mashamba ya kijiji, akifukuza tembo, na silaha yake ilikuwa gobore lenye kibali, bunduki ya kushindilia baruti mdomoni. Masika yaliyotangulia mvua iliilowesha ile baruti. Tembo alipomgeukia, gobore lilitoa mlio mdogo kama ufunguo kwenye kufuli, basi. Baba alirudi nyumbani na kiatu kimoja. Alicheka peke yake.

Ndipo mama akaamua kushona mfuko wa kulifunika. Ngozi ilikuwa ya mbuzi wetu wa Idi, ambayo kwetu haiuzwi. Aliiwamba kwa vigingi uani, akaikwangua, akaisugua kwa chumvi na majivu mpaka uvundo ukahamia kwenye nguo zangu za shule. Tulishona wawili, yeye akitoboa kwa msumari, mimi nikipitisha shazia, sindano nene ya magunia, yenye uzi uliofumuliwa kwenye gunia la korosho. Alishona kwa pupa, akafumua, akarudia, huku akiyatazama mawingu upande wa Chunyu na kuyanung'unikia. Niliogopa. Hofu yake ilinitisha kuliko tembo wenyewe.

Mfuko ulipokamilika, tuliujaribu kwa maji, yakapenya kwenye matundu ya mshono. Hapo mama alifanya kosa ambalo mtu wa nchi isiyo na mikorosho asingelifikiria. Kwetu mafuta meusi ya maganda ya korosho hupakwa kwenye nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa. Kila mtoto anajua yanababua vidole, lakini haya yalikuwa yamechemka motoni, naye akaamini ukali wake umekwisha. Aliyapaka kwa kijiti, ndani na nje, akauanika mfuko, na nyumba nzima ikanuka korosho zinazobanikwa.

"Baba Hawa, leo maji hayaingii humo," alisema jioni ile.

"Na mimi je, nitashonewa lini?" baba akamtania, akautundika mgongoni, akaondoka na mvua.

Asubuhi alirudi akitembea kwa kuinama. Gobore lilikuwa kavu; alilifyatua hewani, likalia, tembo wakayaacha mahindi. Lakini jasho na mvua vilikuwa vimeyatoa mafuta kwenye ngozi, shati limegandia, mgongo wote malengelenge.

"Bunduki imepona, mama Hawa," alisema. "Mwenyewe ndiye aliyeungua."

Mama alilia kwa sauti. Kisha alichukua khanga mpya aliyokuwa hajaivaa, akaikata, akaishonea upande wa mfuko unaogusa mgongo. Baba aliubeba mfuko huo miaka yote, mpaka aliporudisha gobore polisi.

Leo baba ni mzee, kovu lipo, na mfuko uko kwangu hapa Marambo, Nachingwea. Mwanangu ni mmoja wa vijana wanaofukuza tembo kwa tochi na moshi wa pilipili. Watu husema siku hizi ni nafuu, kuna simu. Mvua ikianza nampigia, naambiwa hapatikani, nakata, napiga tena. Nafuu hiyo siioni. Mama angalau alikuwa na ngozi ya kutoboa mpaka mtu wake arudi. Jana, kwa kumsubiri, niliutungua ule mfuko ukutani, nikaifumua khanga yote, kisha nikatafuta sindano nianze kuishona upya.