Mama Pua na Kuku Aliyevimba Uso

Msije mkadhani pua yake ilikuwa kubwa. Ilikuwa pua ya kawaida kabisa, ndogo hata. Jina la Mama Pua alilipata kwa kazi ya hiyo pua. Akipita uchochoroni alijua nani ameunguza vitunguu na nani amekaangia mafuta ya juzi, na wala hakuwa na aibu ya kusema. Nyama ikiletwa, huinamia beseni mara moja tu, halafu husema, "Hii ya leo," au, "Hii mrudishieni mwenyewe." Ndivyo alivyopata kazi ya kupika katika shule ya chekechea. Watoto wadogo, jamani, hula wanachowekewa. Hawaulizi.

Sasa sikieni balaa. Pua ile ilikuwa imekufa, na yeye alijua, na hakumwambia mtu.

Yalikuwa mafua mabaya yaliyomlaza kitandani. Homa ikaondoka, kikohozi kikaondoka, nguvu zikarudi. Harufu haikurudi. Aligundua siku maharage yalipoungua mbele yake, yeye kasimama pale pale na mwiko mkononi, mpaka mtu akapiga kelele kutoka nje. "Nilikuwa mbali kimawazo," akasema. Watu wakacheka, yakaisha. Kwake hayakuisha. Tangu siku ile kila beseni la nyama lilikuwa mtihani. Aliinama kama zamani, akafumba macho kama zamani, kisha akaibonyeza kwa kidole, akaitazama rangi, akasema, "Nzuri." Mchana kutwa alikuwa anawatazama wale watoto matumbo. Mmoja akishika tumbo kwa kucheza tu, yeye anaacha mwiko na kumkimbilia.

Kwa nini hakusema? Hebu nanyi! Umwambie nani, nawe jina lako lenyewe ni Pua?

Nyumbani nako alikuwa na lake la kumkera. Mumewe alikuwa fundi bomba aliyestaafu, na siku za karibuni alikuwa amehamia jikoni. Alfajiri keshaingia, anafunua masufuria, anafungua madirisha, anachungulia makabati. Siku moja alimnyang'anya mkewe kiberiti mkononi kabisa, eti ana haja nacho nje, akamwambia atoke akatazame mawingu. Mawingu! "Mwanaume akikosa kazi anageuka mwali wa jikoni," Mama Pua alilalamika. Na hapo hajasema habari ya paka wa jirani, aliyemwibia samaki mzima rafuni. Paka huyo alitukanwa siku hiyo mpaka ukoo wake.

Raha yake pekee ilikuwa kuku. Walikuwa kuku wa kienyeji, wanashinda wakichakura uani na nyuma ya nyumba za watu, jioni wanarudi wenyewe. Mkubwa wao alikuwa tetea mweusi aliyeitwa Shangazi, kwa kuwa alimgombeza kila mtu, jogoo akiwemo. Karibu kuku wote wa pale uani walikuwa vifaranga vyake au vya wanawe.

Asubuhi moja Shangazi hakutoka bandani. Mama Pua alimkuta amejikunyata pembeni, uso umevimba upande mmoja, jicho limezibwa, ute unamtoka puani. Kwenye upanga wake, ile nyama nyekundu ya kichwani, palikuwa na vipele vikavu vyeusi. Hakugombeza mtu. Hilo ndilo lililomtisha Mama Pua kuliko uvimbe wenyewe.

Akampigia simu daktari wa mifugo.

"Shikamoo, mama. Hebu nieleze taratibu. Vipele viko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Kwenye upanga, na kando ya jicho."

"Hiyo inafanana na ndui ya kuku. Lakini huo uvimbe unanitia shaka. Kuna mafua makali ya kuku, nayo yanavimbisha uso hivyo hivyo. Huwa yana uvundo mbaya, huwezi kuukosa. Mfute ute puani, uunuse. Unanuka?"

Mama Pua akamwinua Shangazi mpaka usoni pake. Akavuta pumzi. Akavuta tena, kwa nguvu, mpaka manyoya yakamtekenya. Hewa tupu.

"Haunuki," akasema.

"Una hakika?"

"We mtoto, unajua unaongea na nani?"

Daktari akacheka. Mama Pua naye akacheka.

"Basi ni ndui. Ndui inaletwa na kirusi, nacho hakina dawa ya kukiua. Mtenge na wenzake, mpake iodini kwenye vipele, mwoshe jicho kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, wape wote vitamini kwenye maji. Na umwage maji yaliyotuama hapo uani, mbu ndio wanaoisambaza. Antibiotiki usiwape bure bure."

Alifanya yote. Alimtenga Shangazi kwenye tenga kuukuu, akapaka iodini mpaka vidole vikawa rangi ya kutu, akafukia kila kidimbwi. Akawa anarudi kutoka kazini mbio mbio, bila kuvua hata aproni, kwenda kuchungulia tenga. Shangazi alizidi kuvimba. Kisha jogoo akaanza kupiga chafya. Kisha matetea wawili nao nyuso zikaumuka, na hao hawakuwa na kipele hata kimoja. Siku alipomkuta mmoja wao amelala ubavu, baridi kabisa, alikaa chini palepale kwenye vumbi. Alijua. Huwezi kujidanganya muda wote. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kilikuwa kimeanzia kwa wasiohusika.

Akampigia daktari tena, akamweleza.

"Bila vipele?" Sauti ya daktari ilibadilika. "Mama, hapo kuna mafua, na huenda kwa Shangazi yameingia yote mawili pamoja. Mimi niko mbali leo, sifiki. Kama ni mafua dawa ipo, lakini kila siku inayopita unapoteza wengine. Nusa tena, unipe jibu la kweli."

La kweli. Neno lile lilimchoma. "Nakupigia sasa hivi," akasema, akakata.

Mumewe alikuwa kibarazani, anabadilisha mpira wa bomba lililokuwa likivuja. Mama Pua akasimama mbele yake na Shangazi kwapani. Alitazama mbingu, akatazama ndoo, akatazama spana.

"Baba watoto," akasema mwishowe, "ninusie huyu kuku."

Alingoja kuulizwa kwa nini. Hakuulizwa. Mzee alifuta mikono kwenye suruali, akainama, akanusa, akajirudisha nyuma haraka.

"Lahaula! Uvundo mtupu. Unamshinda hata yule samaki."

"Samaki gani?"

"Yule niliyemtupa kabla hujaamka."

Mama Pua akabaki anamtazama. "Si paka?"

"Maskini yule paka. Nilitaka hata kumwomba radhi."

"Kwa hiyo ulijua."

"Mama watoto, siku ile ya kiberiti jikoni kulijaa gesi, mimi nainusa tangu mlangoni, na wewe umesimama katikati unataka kuwasha jiko." Alisema hayo bila kuinua sauti, akiokota spana yake. "Tangu hapo naingia kabla yako. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Mama Pua akalia. Si kilio cha kupendeza, kile cha kamasi, na kuku kwapani. Alilia kwa aibu, na pia kwa ahueni, maana mzigo alioubeba peke yake kumbe kulikuwa na mtu ameshika upande wa pili. Mzee alimwacha alie. Kisha akamwuliza polepole, kama mtu anayeuliza jambo dogo tu:

"Mimi nanusa hapa. Kule kwa watoto ananusa nani?"

Kilio kikakatika.

"Hakuna," akasema.

Mzee akaiweka spana chini. "Mimi nilidhani kule una mtu." Ingekuwa afadhali angefoka.

Alimpigia daktari mbele ya mumewe. "Unanuka, mwanangu. Na ile mara ya kwanza nilikudanganya. Mimi sinusi kitu." Daktari akaendelea na kazi. Akamtajia antibiotiki ya kutia kwenye maji na kipimo chake, akamwambia vyombo vya maji vioshwe kila siku, mayai yasiliwe mpaka atakaposema, na kuku mpya asiingizwe pale, kwa kuwa hata atakayepona atabaki na vijidudu vya kuwaambukiza wenzake. Mzee akaenda kuitafuta dawa mwenyewe. Siku zilizofuata jogoo aliacha chafya. Shangazi alifungua jicho, akalizungusha, akamgombeza mzee kwa kumcheleweshea mtama. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha jiko la shule, Mama Pua alitaka kwenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Hakuwahi kufika. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa jikoni, mchangamfu, ameshika beseni.

"Mama Pua, umefika kwa wakati! Nyama imeletwa sasa hivi. Hebu tuambie."

Beseni likasogezwa mpaka chini ya kidevu chake. Ng'ambo ya ukuta watoto walikuwa wameshaanza kuimba. Shingo yake ilianza kuinama yenyewe, kwa mazoea. Akaizuia.

"Mwalimu, mpe mtu mwingine ainuse. Mimi sinusi."

Mwalimu alitabasamu, akidhani ni utani. Kisha tabasamu likamtoka, akatazama nyama, akatazama ukuta ule wenye watoto nyuma yake.

"Tangu lini?" akauliza.

Mama Pua akalipokea beseni, akaliweka mezani, na akamweleza tangu siku ya maharage.