Viungo Watatu, Si Vitatu

Mume wangu aliongea Kimeru peke yake mpaka alipoanza shule, na ngeli za Kiswahili hazikuwahi kumkaa vizuri. Mimi nimefundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka nikastaafu. Sasa fikiria ndoa yenyewe. Kila Jumamosi asubuhi aliketi kwenye kochi lake hapa nyumbani Njiro, simu mkononi, miwani imeteremka puani, akitangaza kama anahutubia mkutano:

"Mwalimu, nachagua viungo vitatu!"

Nami jikoni, mikono imejaa utomvu wa ndizi, napaza sauti: "Watatu! Hao ni watu. Vitatu ni vya pilau!"

"Haya, vitatu," anajibu, halafu anacheka peke yake.

Nilijua anakosea makusudi. Nilikasirika vilevile, ndivyo nilivyoumbwa.

Ulikuwa ule mchezo wa simuni. Mtu anajiundia timu kwa kuchagua wachezaji wa ligi ya Uingereza, na wakicheza vizuri kule kwao, yeye huku anapata pointi. Walikuwa wanaume wanane, wengine wa kazini kwake, wengine wa kwaya, wakishindana wao kwa wao msimu mzima. Katika sheria zao zote niliielewa moja tu: kwenye klabu moja huruhusiwi kuchukua wachezaji zaidi ya watatu. Yeye watatu wake aliwatoa kwenye klabu aliyoipenda tangu ujana, na wote walikuwa viungo, wale wa katikati ya uwanja. Ukimuuliza kwa nini hachukui wafungaji wa klabu hiyo, anakwambia wafungaji ni watu wa kujisifu.

Alifariki mvua za vuli zilipoanza. Presha ilipanda, siku mbili hospitali, basi. Tulimzika kwao mlimani, pembeni ya kahawa aliyoipanda baba yake, na siku ile watu walijaa mpaka migomba ikavunjika. Baada ya arobaini sikumwona mtu. Watoto wako mbali na maisha yao, wanapiga simu: "Mama, umekula?" Nimekula, wanangu. Jamani, nilikuwa nadanganya. Niseme ukweli, nilikuwa mpweke mpaka nikaanza kuwasahihisha watangazaji wa redio.

Simu yake niliiweka kwenye droo, nikawa naichaji kila Jumapili nikitoka kanisani. Sikuwa na sababu. Jumapili moja nikaikuta na ujumbe wa mwenyekiti wa ligi yao, mzee mwenye duka la dawa Daraja Mbili. Aliwaandikia wote kwamba timu isiyoguswa kwa wiki nane itatolewa, na mwisho ni Jumamosi inayokuja, saa nane mchana. Hakutaja jina la mtu. Kwani kulikuwa na haja?

Loo, nilichemka! Msibani alikula pilau sahani tatu, nilimhesabu, leo anamfuta mwenzake! Kazini meza yake walishampa mwingine. Kwenye kwaya besi yake anaiimba kijana wa Olasiti, tena anaiimba vizuri, na hilo sijamsamehe. Lakini pale kwenye ligi, baada ya wiki zote hizo chini ya udongo, mume wangu alikuwa bado wa tano. Nilitaka abaki. Sikutaka kitu kingine chochote wiki ile.

Jumamosi nikaketi kwenye kochi lake, mara ya kwanza. Nikavaa miwani yake, maana yangu sikuiona. Nikafungua timu. Viungo wake walikuwepo watatu. Wa kwanza alikuwa anaendelea vizuri. Wa pili alikuwa na alama nyekundu, ameumia goti. Wa tatu alinishangaza. Kila wiki pointi moja, sifuri, sifuri, moja. Nikarudi msimu uliopita, vilevile. Nikaona huyu mzigo, huyu ndiye anayemvuta baba wa watu chini. Nikaamua kumtoa na yule majeruhi pia. Kwa kuwa sikujua niweke nani, nikameza hasira na kumpigia mwenyekiti.

"Shemeji! Habari za siku?"

"Siku zipi? Ulizohesabu wewe?" nikamwuliza. Nikamhurumia kidogo, nikamweleza shida yangu.

"Huyo wa pili mtoe, nitakutajia mwingine wa klabu hiyohiyo," akasema. "Huyo wa tatu, shemeji, tulimpigia kelele miaka mitatu. Mchezaji anasugua benchi tu! Mzee alikataa kabisa."

"Kwa nini?"

"Alituambia huyo kachaguliwa na Mwalimu."

"Mwalimu gani?"

"Shemeji, na wewe!"

Kisha nikakumbuka. Aliwahi kuja jikoni asubuhi moja, akanionyesha picha za wachezaji, akaniomba nimsaidie kumpata mmoja. Nilikuwa na haraka, hata sikutazama vizuri. Nikamwambia, chukua huyu mwenye uso wa upole, utoke hapa nipike. Mimi nilisahau kabla ndizi hazijaiva. Yeye alimbeba mtu yule miaka mitatu, akichekwa na wanaume wenzake, na hakuniambia hata siku moja.

Nililia, sioni sababu ya kuficha. Mwenyekiti akasubiri bila kukata simu, na kwa hilo nikamsamehe ile pilau.

Majeruhi nikamtoa, nikaweka yule niliyetajiwa. Mwenye uso wa upole nikambakiza, tena nikampa unahodha. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Nikabonyeza, timu ikapokelewa, na jina la mume wangu likabaki pale lilipokuwa, la tano.

Ndipo nikajiweka sawa kwenye kochi, nikatangaza kwa nguvu:

"Nachagua viungo vitatu!"

Nilikosea makusudi, kama yeye. Nikatega sikio. Jikoni kukawa kimya, maana wa kunisahihisha kutoka kule nilikuwa mimi.