Siku Niliyosema Mgongo Unaniuma

Mara ya kwanza hofu kunikamata mbele za watu ilikuwa kwenye mashine ya kusaga, hapa Manundu ninapoishi. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni na beseni la mahindi. Fundi akawasha, mkanda ukaanza kuzunguka. Mikono ikafa ganzi. Beseni likadondoka. Nilikimbia pekupeku mpaka nyumbani, nikajifungia, nikakaa chini nyuma ya mlango. Jirani ndiye aliyeniletea kandambili zangu na mahindi aliyoweza kuzoa, nusu yake mchanga.

Nilijua hofu ile imetoka wapi. Au nilidhani najua.

Miezi mitatu kabla ya siku hiyo nilikuwa kibarua katika shamba moja la mkonge, kwenye mashine ya brashi. Kazi yenyewe ni hivi: unashika fungu la singa, nyuzi za mkonge zilizokauka, unaliingiza kwenye pipa linalozunguka lenye meno, linachana, unalivuta, unaligeuza. Ukizembea, singa zinajizungusha mkononi. Mwenzangu tuliyefanya naye kazi miaka sita, mwanamke wa Handeni kama mimi, alikuwa nje siku hiyo akianika singa juani. Baada ya chai tulibadilishana. Haikupita nusu saa, nikasikia kelele. Sikuwahi kusikia mtu akilia vile. Nilipofika mlangoni wanaume walikuwa wameshazima mashine. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani mpaka karibu na kiwiko.

Aliishi. Mkono haukupona. Ndugu zake wakamchukua, wakarudi naye kwao Handeni. Mimi nikaacha kazi.

Baada ya kisa cha mashine ya kusaga, hofu ikanipata hata pasipo mashine. Pikipiki ikipita, moyo unaruka. Mume wangu akiwasha feni, natoka nje. Nywele za binti yangu nilishindwa kuzisuka, kwa sababu nilipozizungusha kidoleni niliona kidole kinakwenda nazo. Mama mkwe akasema nimechezewa. Shehe akanisomea dua, nikapata utulivu siku mbili, hofu ikarudi na nguvu mpya. Nilianza kuogopa kuogopa. Nikiamka vizuri, nilikaa nikisubiri itakapoingia.

Mume wangu akanipeleka hospitali akidhani ni presha. Muuguzi akapima, akakuta presha haina shida. Akaniuliza kama kuna jambo lililonipata. Nikalia tu. Akanipeleka chumba cha mwisho kwenye korido, kwa mshauri. Nilitegemea mtu mzima. Nikamkuta binti ambaye ningeweza kumzaa.

"Shikamoo mama," akasema, akanisogezea kiti.

"Marahaba, mwanangu."

Nikamsimulia ajali kama nilivyokuwa nikiwasimulia wote. Alisikiliza bila kunikatisha. Nilipomaliza akatoa karatasi na penseli. "Mama, nyumbani jaribu kuchora. Usijali kama picha ni nzuri au mbaya. Mimi si mwalimu, sisahihishi."

Kwa aibu niliicheka ile penseli. Tangu darasa la saba sikuwahi kuchora kitu. Lakini watoto walipokwenda shule nilikaa kwenye mkeka, nikachora mashine ya brashi. Mistari ikatoka kama imechorwa garini. Nilipomaliza pipa na meno yake niliigeuza karatasi na kuifunika kwa sufuria, kana kwamba ingeweza kuanza kuzunguka.

Wiki iliyofuata mshauri aliiangalia kwa muda mrefu. "Watu wako wapi?" akauliza.

"Hawapo."

"Haya. Wakija, wachore."

Walikuja taratibu. Nilijaza daftari la watoto nikichora waya za kuanikia, majani ya mkonge, vikombe vya chai. Vitu vya pembeni sikuviogopa. Wakati mwingine nilijikuta nimechora saa nzima, na hofu haikupiga hodi hata mara moja. Ila kila nilipotaka kuchora mtu mbele ya pipa, niliweka penseli chini.

Siku moja nikamchora. Mwanamke aliyejitanda khanga, fungu la singa mkononi. Mwingine nikamweka mbali, kwenye waya, khanga yake nikaipaka bluu kwa kalamu ya watoto. Nikaibeba karatasi hospitalini nimeikunja mara nne.

Mshauri akaweka kidole pale kwenye mashine. "Huyu ni nani?"

"Mimi," nikasema.

Hakukiondoa kidole. Nikaiangalia ile picha tena. Mwaka mzima nilikuwa nikisimulia kwamba tulibadilishana, na hakuna aliyewahi kuuliza ni nani aliyeomba.

"Ilikuwa zamu yangu," nikasema. "Asubuhi ile mashine ilikuwa na mlio mwingine. Kama inakwaruza. Niliusikia, nikaogopa. Sikumwambia msimamizi. Nilimwambia mwenzangu mgongo unaniuma, anishikie. Mgongo haukuwa unaniuma."

Nilidhani dari itaniangukia. Nilidhani yule binti ataita watu. Alichofanya ni kunipa maji, akangoja ninywe, kisha akauliza, "Mama, sasa unaogopa nini hasa?"

Nilifikiri kidogo. Jibu lililotoka lilinishangaza mwenyewe. "Naogopa ajue."

Hakunituma kwenda kumwambia mwenzangu. Alisema uamuzi ni wangu, na kwamba niutafakari vizuri. Niliutafakari wiki tano. Kisha nikapanda gari la asubuhi la kwenda Handeni, daftari nimelifunga kwenye khanga. Njia nzima nilijisemea: nitashuka kituo kinachofuata. Sikushuka mpaka nilipofika kwao.

Nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, anapukuchua mahindi kwa mkono mmoja, hindi amelibana katikati ya magoti. Tulisalimiana. Akaulizia watoto. Nikaona nisipolisema lile jambo wakati huo nitakula, nitaaga, nitaondoka nalo.

"Siku ile mgongo haukuwa unaniuma," nikasema. "Niliogopa mlio wa mashine."

Aliendelea kupukuchua. Punje zikaanguka kwenye ungo, nikasikia kila moja.

"Mlio tuliusikia sote," akasema mwishowe. "Mimi nilijua unadanganya. Nikajisemea, huyu mwoga, acha nimwonyeshe." Akachukua hindi jingine. "Lakini ungesema tu. Kama ungesema kwa mdomo wako kwamba unaogopa, labda na mimi ningekubali kuwa naogopa."

"Nisamehe."

"Sijui." Aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Kuna siku nakuombea, kuna siku nakulaani. Leo sijajua ni siku gani. Kaa kwanza, ule."

Nilikaa. Tulikula ugali na mlenda, yeye kwa mkono wa kushoto, akicheka kidogo kwa vile bado anajichafua. Baadaye akauliza nilichofunga kwenye khanga. Nilimpa daftari. Alifungua ukurasa mmoja mmoja, akafika kwenye ile karatasi iliyokunjwa yenye wale wanawake wawili. Alikaa hapo muda mrefu, nami nikitazama mlango wa ua, nikipima hatua za kukimbilia.

"Hapa umekosea," akasema. "Khanga yangu ilikuwa ya njano."

Nimekwenda tena mara nne tangu wakati huo. Safari mbili alinipokea vizuri, moja hakutoka chumbani, na nyingine tulikaa tu bila maneno mengi. Kwa mshauri bado nakwenda, kila baada ya wiki mbili. Hofu haijaondoka. Bado hunijia mchana kweupe, nikiwa nafua au naosha vyombo, nikatafuta pa kushika. Tofauti ni kwamba siku hizi nasema kwa sauti, hata kama aliye karibu ni mume wangu tu na kikombe chake cha chai: "Naogopa." Naye huweka kikombe chini, husogea, tukakaa mpaka ipite.