Matunzo Yaende kwa Anayempikia Mtoto

Iko siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na yote yalitokea sebuleni kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, pale Mchafukoge.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kariakoo ilifurika bidhaa, na mimi, mtalaka kijana mwenye ulimi mkali, nilikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza mtaani kwetu kupanda ndege kwenda Dubai kufuata mali. Nilijiona kweli, usinicheke. Binti yangu Mwajuma, mtoto wa miaka sita, nilimwacha kwa jirani wa mlango uliotazamana na wangu, Mama Pili, mama ntilie. Nilisema wiki mbili tu. Mwaka ukapita, maana hata nikirudi nilikuwa wa dukani asubuhi hadi jioni, na mtoto alikwisha zoea kulala kule.

Baba yake alikuwa karani bandarini. Tuliachana kwa shari, lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kila mwisho wa mwezi alipeleka matunzo ya mtoto kwa mjumbe, kama tulivyokubaliana, nami nikaenda kuyachukua. Nikayatia kwenye biashara. Si mimi niliyemzaa? Mama Pili hakuniuliza hata siku moja.

Sasa mwezi mmoja nilipofika kwa mjumbe nikamkuta Mama Pili naye ameitwa, amekaa kwenye mkeka.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia mjumbe.

"Marahaba, binti yangu. Kaa. Nina swali moja tu. Mwajuma hali chakula gani?"

Nikacheka. "Mwajuma? Huyo anakula kila kitu, hachagui."

Mzee akamgeukia Mama Pili. Yule mama akainama, utadhani mwenye kosa ni yeye. "Pweza hali, mzee. Akila anavimba midomo, pumzi inambana. Mara ya kwanza nilimkimbiza hospitali."

"Lini?" nikaruka.

"Ulikuwa safari, Mama Mwajuma. Uliporudi ulikuwa umechoka, sikutaka kukutia hofu."

Niliona aibu kubwa. Mwanangu wa kumzaa alikaribia kufa, na fedha za kumtibu nilikuwa nimenunulia vitenge.

Mzee hakunifokea. "Fedha hii si zawadi yako kwa kuzaa," alisema, "wala si faini ya baba yake. Ni mali ya Mwajuma. Ipitie mkono unaompikia." Akamkabidhi Mama Pili.

Nilingoja kejeli, na ningestahili. Mama Pili akapokea kwa mikono miwili, akaniambia, "Mimi napika tu, shoga yangu. Mama yake ni wewe. Twende nyumbani, leo tule naye." Tulipofika, Mwajuma akanirukia shingoni kwa furaha, na hapo nikajua kwamba mwaka mzima yule mama alikuwa akimwambia mtoto mazuri yangu tu. Nimeuziana na matajiri wengi, lakini mtu mkubwa kama yule muuza ugali sijamwona tena.

Sasa wewe umeniuliza utume matunzo ya mtoto kwa nani. Usiniambie nani kazaa na nani kamkosea nani. Niambie leo mtoto kaamka kwa nani, na nani atamwogesha jioni. Awe mama, awe baba, awe bibi, awe jirani asiye na undugu wowote, huyo ndiye wa kupokea, na apokee kwa ajili ya mtoto. Mtoto akihama, matunzo nayo yahame. Na ukipokea ilhali mtoto hayuko kwako, usisubiri kuitwa na mjumbe kama mimi. Peleka mwenyewe, na ushukuru. Wahenga walikwisha sema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Mungu akujaalie mkono mwepesi wa kutoa, mwanangu. Na siku utakapokuwa mbali na mwanao, amjaalie mtu wa kumlisha, tena mtu atakayekutaja kwa wema mbele yake. Amina.