Kitambaa cha Redio

"Bibi, umeifunika tena! Haipumui."

Mjukuu wangu anavuta kitambaa kutoka kwenye mashine yake ya gemu, na harufu ya vumbi lililoungua inanifikia.

Harufu ileile ilitoka kwenye redio yetu kubwa ya mbao, tulipokaa nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge, Kilosa. Kwetu kitu cha thamani hakikuachwa wazi. Kitambaa nilikifuma mwenyewe, na siku ile nikakishusha hadi nyuma, kikaziba matundu yote. Nilitaka redio ipendeze, kwa sababu kaka alikuwa vitani na barua yake ilisema angesikika kwenye salamu za askari. Mtangazaji akaanza kutaja majina. Redio ikachemka, ikatoa moshi, ikanyamaza kabla jina la kaka halijafika.

Mama akaja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga.

"Amesemaje?"

"Anakusalimu, mama. Anasema hajambo, atarudi."

Akakaa chini, akacheka mpaka akalia.

Kaka hakurudi. Hadi anazeeka, mama alikuwa akiniomba nimwambie tena zile salamu. Nami nilimwambia, kila mara nikiongeza neno.