Ngozi Niliyoifua kwa Sabuni

Nakumbuka Jumamosi ile nilipoichukua ngozi ya ndama wa ngamia, nikaifua kwa sabuni, nikaianika juu ya kichaka, kisha nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama kama mtu aliyemaliza kazi ya maana. Mwanangu, mpaka leo nikisikia harufu ya sabuni ya mche, nageuza uso.

Ninaikumbuka kwa sababu juzi mjukuu wangu Akai alikuja kutoka Lodwar, anakosomea udaktari wa mifugo. Hata salamu yetu ya ejok hajaimaliza vizuri, akauliza, "Ata, mnyama ana huzuni kweli, ama ni mazoea tu?" Ata ni nyanya, kwetu. Akasema darasani wamegawanyika. Wengine wanasema mnyama ni tumbo na miguu, hayo mengine tunamvisha sisi. Nilicheka. Mimi shule nilikaa miaka miwili, na huo wa pili niliumalizia nje nikichunga mbuzi wa mwalimu. Jibu la kitabu sina. Nina jibu la ngamia mmoja aliyeitwa Namoru, na wewe mwanangu unayesoma hapa, lichukue vilevile.

Nilikuwa mke mpya, hapahapa Lopur. Kiangazi kilikuwa kimekaa vibaya. Mume wangu na ndugu zake walikuwa wamepeleka mifugo mbali kutafuta majani, majirani nao wamehama. Nyumbani tukabaki mama mkwe, baba mkwe, mimi, na mtoto mchanga anaitwa Akiru. Mtoto hakuwa wangu. Alikuwa wa wifi yangu, aliyelazwa hospitali kule Kakuma akiwa hana hata tone la maziwa kifuani. Maziwa ya kopo aliyopewa mtoto yalimharisha mpaka macho yakaingia ndani. Maziwa ya Namoru ndiyo yaliyokaa tumboni mwake, ndiyo maana ngamia huyo aliachwa nyumbani.

Sasa ndama wa Namoru alikuwa amekufa. Aliishi siku tisa. Baba mkwe alikuwa amembeba kutoka porini siku aliyozaliwa, amemfunga kwenye blanketi lake, miguu mirefu inaning'inia kama kuni. Siku ya tisa akahara, akalala, hakuamka.

Wewe wa mjini pengine hujui tunavyofanya. Ngamia akifiwa huzuia maziwa. Anayo, lakini hayatoi. Kwa hiyo ndama anachunwa, ngozi inakaushwa, inajazwa nyasi kavu, na wakati wa kukamua inawekwa mbele ya mama yake. Anainusa, anailamba, anaguna chini kwa chini, na maziwa yanashuka. Ukiwa na haraka atakuaibisha. Unasimama kwa mguu mmoja, chombo cha mti juu ya goti, unamwimbia.

Hivyo ndivyo tulivyofanya wiki mbili, na Akiru akaanza kushika kidole changu kwa nguvu.

Kisha tukapata habari kwamba katekista atapita Jumapili kumwombea mtoto. Mimi nilitaka boma letu lionekane la watu waliostaarabika. Kaka yangu alikuwa ameniletea mche mzima wa sabuni kutoka Lodwar, na mwalimu wangu wa ile miaka miwili alitufundisha kwamba uchafu ndio mama wa magonjwa. Nikaangalia. Ile ngozi ilinuka, mwanangu, sitaki kukudanganya. Ilikuwa na nzi. Na kilichonuka kuliko ngozi kilikuwa blanketi la baba mkwe, maana tangu abebe ndama hakukubali liguswe. Nilikuwa nikiwaambia wanawake kisimani, kabla hawajahama, kwamba hata fisi wakipita karibu na mzee wanaziba pua. Tulicheka sana. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, lakini methali huwa tunazikumbuka tukishaumia.

Blanketi sikuthubutu kuliomba. Mke wa mtoto hamsemeshi baba mkwe ovyo, na kigoda chake hukisogelei. Ila ngozi ilikuwa mikononi mwangu. Mama mkwe alipokwenda kutafuta kuni, nikatoa nyasi, nikaifua kwa nusu mche wa sabuni, kwa maji ya kuchimba mtoni, wakati ambapo hata ya kunywa tulipimiana. Nikaianika. Ikakauka ikiwa nyeupe. Nikaijaza nyasi mpya, nikajisifu.

Jioni nikaiweka mbele ya Namoru. Akashusha shingo, akanusa. Akapiga chafya. Akanusa tena, huku na huku, chini ya tumbo, kwenye masikio, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe na hakioni. Kisha akainua kichwa akatoa sauti ambayo sijui niiandike vipi. Haikuwa ya njaa. Ya njaa ninaijua. Akageuka, akaenda mpaka kwenye mchongoma ambapo ndama alilala mara ya mwisho, akasimama hapo.

Chombo changu kilikuwa kikavu.

Mama mkwe alirudi akaiona ngozi, akaigusa, akanusa vidole vyake. Nilingoja kelele. Hakupiga kelele. Alisema, "Mtoto wake alikufa mara moja. Wewe umemuua mara ya pili."

Nikajitetea. Ndiyo, nilikuwa na mdomo. Nikasema ngamia ni ngamia, kesho maziwa yakimjaa yatamsumbua, atatoa tu. Akanijibu, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe hujazaa. Nyamaza."

Asubuhi Namoru alikuwa bado pale kwenye mchongoma, hajagusa hata jani. Nikaimba mpaka sauti ikakauka. Hakuna. Akiru alilia, kisha akaacha kulia, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu mtoto anayelia ana nguvu bado. Mama mkwe alimlowesha midomo kwa maji na kidole. Hakuniangalia. Nilikaa chini nikawaza nimbebe mgongoni nitembee naye mpaka hospitali, nimwambie wifi yangu nini? Kwamba mwanao nimemnyima maziwa kwa ajili ya usafi?

Sasa nitakueleza jambo ambalo ningekufa kabla sijalisahau. Baba mkwe aliinuka kwenye kigoda chake. Alikuwa mtu wa maneno matatu kwa siku, na mawili kati ya hayo ni ya kuomba tumbaku. Akaja moja kwa moja mpaka mbele yangu. Mimi nikainamisha uso, ndiyo heshima. Akavua lile blanketi begani, akalikunja vizuri, na kabla ya kunipa akaliweka puani mwake, akavuta pumzi ndefu, kama mtu anayeaga.

"Mke wa mwanangu," akasema, "halijafuliwa."

Ndipo nikaelewa kwa nini alikataa liguswe. Mimi nilidhani ni ukaidi wa uzee. Kumbe mzee naye alikuwa anamlilia yule ndama aliyembeba, na hakuwa na namna nyingine ya kulia mbele ya watu.

Tukaifunika ngozi kwa blanketi, tukaipeleka kwenye mchongoma, maana Namoru alikataa kuja. Alitutazama kwa ubaya. Mama mkwe akaanza wimbo wake, mimi nikashika chombo juu ya goti. Namoru akanyoosha shingo. Akanusa ukingo wa blanketi, akasimama. Akazamisha pua yote ndani. Nasikia mpaka leo ule mguno ulivyoanza ndani ya kifua chake, chini kabisa, kama ngoma iliyo ng'ambo ya mto. Akaanza kulamba blanketi, polepole, na mkono wangu ukahisi chuchu zimejaa. Maziwa yalipiga chombo cha mti, chwaa, chwaa. Mama mkwe aliimba huku machozi yanamtoka, na mimi nikacheka kama kichaa, na baba mkwe, aliyebaki mgongo wazi kwenye jua, akaomba tumbaku.

Akiru alikunywa, akalala, akajisaidia kama mtu mzima. Katekista alipofika alikuta boma chafu na watu wenye furaha. Na usije ukaniuliza kama mtoto alipona. Nenda soko la Kakuma, umtafute mwanamke mnene kuliko wote anayeuza samaki wa ziwani Kataboi, na anayekupunja ukigeuza macho. Huyo ndiye.

Siku chache baadaye nilimwambia mama mkwe kwamba bado tunamdanganya mnyama, tofauti ni kwamba sasa tunamdanganya vizuri. Akasema hapana. "Yeye ndiye aliyemlamba ndama wake akiwa amekufa, kabla sisi hatujamgusa. Anajua. Hatumdanganyi, tunakaa naye matanga." Na nadhani alisema kweli, kwa sababu mwezi ulipopita asubuhi moja Namoru alinusa blanketi mara moja tu, akalipita, akaenda kula majani, na maziwa akatuachia bila kitu chochote mbele yake. Hatukumlazimisha. Alimaliza mwenyewe.

Siku hiyo baba mkwe aliokota blanketi, akalikung'uta nyasi, akamtuma mama mkwe aniulize kama ile sabuni yangu ilibaki.

Kwa hiyo Akai, na wewe mwanangu, mimi sisemi wanyama wote ni sawa. Kuna mbuzi niliowafuga waliosahau watoto wao kabla jua halijazama, na kuna binadamu vilevile. Wala sijui ngamia anaita vipi kile kilicho moyoni mwake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini nilimwona akitafuta, nikamwona akikataa chakula, nikamwona akipata, na nikamwona akiachilia. Ukiviona hivyo vinne kwa mtu, unaviita huzuni na mapenzi bila kuuliza mwalimu. Mnyama akikuonyesha, mbona umtake cheti?

Ushauri wangu ni huu. Unapokuta kitu kinachonuka ambacho mwenyewe hataki kifuliwe, usichukue sabuni. Uliza kwanza ni nani aliyekuwa ndani yake. Mwenye uchungu, awe na miguu miwili au minne, mwachie harufu yake mpaka aimalize, na wewe kaa karibu, chombo mkononi, uimbe. Maziwa yatashuka wakati wake.

Mungu akunyeshee, mwanangu, mahali unapolaza mifugo na mahali unapolaza watoto. Ukifiwa, upate wa kukaa nawe bila kukuharakisha. Na siku utakapoomba mwenyewe blanketi lako lifuliwe, maji yawepo mtoni, na jua la kulikausha liwe jema.